Yule Mwenye Kofia Nyeupe

Rael si mwongo wa kuzaliwa, tuelewane hapo. Waulize wenzake wa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, huku Ghuba, watakuambia huyo ni mtu wa kurudisha chenji ikizidi. Lakini kazi ya kumtunza Babu Trevor pale mtaa wa Abu Hamour ilimzoesha uongo mmoja, akausema kila siku baada ya chakula cha mchana, mwaka mzima.

Babu Trevor ni Mwingereza wa miaka tisini na mbili, anaishi kwa bintiye, Michelle. Mwaka jana, macho yakiwa yameshazima kabisa, Michelle akampatia mtandaoni filamu moja ya zamani isiyo na rangi, ya mapenzi ya fundi wa meli na binti wa tajiri wake, huko kwao baada ya vita. Ilipigwa picha kwenye karakana ile ile ambako Babu alikuwa fundi kijana. Siku ya kushusha meli majini wafanyakazi wote walijazana kwenye picha, na mmoja wao alikuwa Phoebe, mchumba wake. Asubuhi hiyo Babu alikuwa amemwambia anaondoka kuja kutafuta kazi Ghuba. Phoebe hakumjibu neno, akapotelea kwenye umati, na hata barua alizomwandikia baadaye hakuzijibu.

"Ametokea?" Babu aliuliza siku ya kwanza. "Anafanyaje?"

Rael alikodoa macho mpaka yakamuuma. Wazungu mia mbili, wote kijivu, wanafanana kama mayai ya trei moja! Kusema hamjui aliona haya, na kazi yenyewe ilikuwa bado mpya. Akachagua mrembo mwenye kofia nyeupe.

"Ametokea, Babu. Anacheka, anapunga leso."

Babu akaitikia kwa kichwa. Rael akajipongeza kwamba amemfurahisha mzee wa watu. Kuanzia hapo wimbo ukawa huo huo kila siku.

Juzi, Rael akimlisha supu, Babu akasema tu, katika kupiga soga, kwamba siku ile ya meli Phoebe hakupata hata nafasi ya kubadili nguo. Alitoka kazini moja kwa moja na suruali yake iliyojaa rangi, kitambaa kichwani. Rael akabaki na kijiko mkononi.

Babu aliposinzia, akaifungua filamu peke yake. Alimwona pembeni, karibu na kamba, msichana wa suruali. Watu wote wanaishangilia meli, yeye ameipa mgongo, anajifuta macho kwa mkono wa shati.

Alimpigia simu rafiki yake Akinyi, anayefanya kazi hotelini Al Sadd. "Nyamaza wewe," Akinyi akamwambia. "Mzee ana raha zake, unamharibia ya nini? Na madam akikufuta kazi?"

Maneno ya maana hayo. Lakini wapi! Rael alijiona mwizi, tena mwizi wa kipofu, na siku mbili hakuweza kumtazama Babu usoni, ingawa Babu mwenyewe hamwoni.

Leo mchana, kofia nyeupe ilipotokea, akasema. "Babu, nimekudanganya. Sikumjua, nikakutajia mwingine. Phoebe wako hacheki. Analia."

Akangoja kukaripiwa, alitamani akaripiwe. Babu akaiacha filamu iishe.

"Mwaka mzima," akasema, "nimekuwa nikijikaza kumsamehe kile kicheko cha siku ya kuagana."

Rael akairudisha filamu nyuma, mpaka kwa msichana wa suruali.