Maksai wa Mabaka kwenye Ukurasa wa Mbele

Mwanangu wa mwisho aliuza maksai wa baba yake bila ruhusa, akaenda kuchimba dhahabu. Naanzia hapo kwa sababu mengine yote yalitoka hapo. Miaka ile vijana wa Machochwe waliacha majembe wakashika moko, ile patasi ya kutobolea mwamba. Wangu alianza Nyakunguru, si mbali sana na kwetu, kisha akaifuata dhahabu hadi mikoa ya mbali, na habari zake zikakatika.

Mume wangu alikuwa amesema asirudi. Alilisema neno hilo mbele ya watu, na neno la namna hiyo halirudishwi kirahisi. Lakini miguu ilipoanza kumvimba, siku moja nikimnywesha uji, aliniambia, "Yule maksai nimeshamsamehe." Hakumtaja kijana. Alimtaja maksai. Nilielewa, na nilielewa pia kwamba muda aliobaki nao si mrefu.

Mugumu palikuwa na fundi mmoja, Mwislamu aliyetoka Tanga, mtu mzima mwenye duka la fotokopi, picha za pasipoti na intaneti. Alitutengenezea orodha ya barua pepe sisi tuliokuwa na watu machimboni. Ukiandika barua moja, kila aliyejiandikisha anaipata, na huko machimboni huwa kuna mtu wa kuichapa na kuibandika kwenye banda la mama lishe. Mwanangu hakuwa amejiandikisha. Aliyekimbia haandiki jina lake popote. Ila orodha ile ilikuwa na ukurasa wa mbele ambao mtu yeyote aliweza kuufungua na kusoma, na hapo fundi aliniwekea maneno yangu:

*Maksai wa mabaka, mwenye pembe ya kushoto iliyopinda, amesamehewa. Aliyemchukua arudi nyumbani. Mzee anaumwa.*

Jina sikutaka liwekwe. Kumtaja mtoto mbele ya watu ni kumvua nguo. Ng'ombe anatosha, mwenye kumjua atamjua.

Siku ya mnada nikaenda kuyatazama maneno yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fungua nione."

Akafungua. Nilisoma darasa la pili tu, lakini najua Kiswahili kikiandikwa kinavyoonekana. Kile hakikuwa Kiswahili.

"Maneno yangu yako wapi?"

Akajikuna shingo. "Programu ilikuwa kuukuu mama, nimeweka toleo jipya. Limekuja na kurasa zake lenyewe, za Kiingereza."

"Kwa hiyo umepiga plasta juu ya michoro ya ukuta wangu."

"Nyumba ni ileile mama, haijahama."

"Mgeni aliyeelekezwa michoro ataipita. Na mgeni huyo nikimkosa sasa, baba yake hatamwona."

Akacheka kidogo. "Lo! Kiswahili chenu cha huku kinapiga kama rungu."

"Na chenu cha Tanga kinabembeleza, lakini maneno yangu hayapo. Andika, mura, kijana wangu."

Akavuta kiti, akanionyesha ndani ya ukurasa. Nimejenga nyumba ya miti na udongo kwa mikono yangu, najua kwamba nyuma ya ukuta laini kuna fito zilizofungwa. Sikujua kwamba hata ukurasa una fito zake. Kumbe kila neno unaloliona limezungukwa na maneno mengine usiyoyaona, yanayoliambia simama hapa, kuwa kubwa, shuka chini. Yamewekwa kati ya alama mbili zinazotazamana kama pembe. Nilishika mdomo. Nimeishi miaka mingi, nimeona nzige na nimeona mvua ya mawe ikiua mbuzi, lakini maneno yanayoamuru maneno mengine sikuwa nimeyaona.

Akaandika muda mrefu, akiyarudisha ya zamani kutoka kwenye karatasi aliyokuwa ameichapa. Akabonyeza. Ukurasa ukatoka mweupe. Hakuna Kiingereza, hakuna Kiswahili.

"Yallah," akasema. Akarudia, ukawa mweupe tena. Jasho likamtoka.

"Nieleze hizo fito," nikamwambia.

"Kila alama inayofungua ina mwenzake anayefunga. Anayefunga ana huu mstari mmoja wa kulala upande."

"Kama mti unaowekwa langoni baada ya ng'ombe kuingia."

"Haya, kama huo."

Basi hapo hakuwa na la kunifundisha. Miaka yote nimesimama langoni jioni nikihesabu. Nikamwambia arudi juu kabisa, nikaweka kidole kwenye kioo, nikaenda alama moja moja: huyu kafungua, huyu kafunga. Maana yake sikuijua, niliangalia maumbo tu. Mmoja nikaona hana mwenzake.

"Huyo hana, mama, wala hafungwi," fundi akasema. "Anashusha mstari tu."

"Na huyu wa juu hapa?"

Akainama. Akatazama. Alikuwa amefungua sehemu ya kichwa cha ukurasa na hakuifunga, kwa hiyo kichwa kilimeza mwili wote. Akaweka ule mti, akabonyeza.

Maksai wangu akatokea. Mabaka, pembe, msamaha, vyote mahali pake. Fundi akaniambia kwamba saa hiyohiyo mtu wa Chunya akifungua anamwona, na wa Geita anamwona. Kumwita mtu kwa sauti, nimezoea iishie bonde la pili.

Kabla sijatoka nilimwomba jambo moja. Pale pa kujiandikisha palidai jina. Nikasema aandike: *Kama hutaki kusema jina, sema neno lolote.* Akaandika.

Mnada wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya, na mume wangu akaacha uji. Wa tatu nilimkuta fundi amesimama nje ya duka na karatasi mkononi.

"Kuna mtu amejiandikisha bila jina, mama. Amekukosoa." Akanisomea: *Pembe iliyopinda ni ya kulia.*

Niliudhika. Ng'ombe niliyemkamua mama yake, mtu ananisahihisha! Nikaenda nyumbani na hasira yangu, nikamwambia mzee. Nikaona mabega yanatikisika. Anacheka.

"Wewe ulimpokea langoni," akasema, "uso kwa uso. Kushoto kwako ni kulia kwake. Huyu alikuwa anatembea nyuma yake kila siku. Ni yeye."

Akaomba uji.

Fundi alitaka kurekebisha ukurasa. Nilimkataza, nikamwambia auache hivyohivyo.

Mwanangu alikuja kwa miguu kutoka barabarani, amekonda, vumbi la mwamba bado liko kwenye kucha. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, amelielekea lango. Kijana akaingia. Kabla ya kusema shikamoo, aligeuka, akauokota mti wa lango, akalifunga.