Barua ya Baba na Ubongo wa Kima

Ukurasa ule ulinifikia ukiwa umefunga samaki wakavu kutoka Bukama. Mama alitaka kuwashia makaa ya mbabula, jiko letu la bati, nikamnyang'anya. Nilikuwa mwalimu wa biolojia hapa Kamina, na wakati ule wa vita, treni ikija kwa bahati tu, nilisoma chochote chenye herufi, hata kikinuka.

Ulikuwa wa gazeti la sayansi, kwa Kifaransa. Wataalamu walikuwa wamepoza sehemu ndogo ya ubongo wa kima bila kuiua. Kima aliyekuwa amefundishwa kutambua picha fulani akazitazama kana kwamba hajaziona maishani. Sehemu ile ilipopata joto tena, akazitambua. Nilipiga kelele peke yangu jikoni. Ilikuwa imelala tu! Haikufa!

Nilikuwa ninamfikiria baba. Karani wa stesheni kwa miaka mingi, siku moja alifungua kitabu cha nyimbo kanisani akaniuliza wamekichapisha kwa lugha gani. Daktari alisema damu iliziba mahali fulani nyuma ya kichwa. Macho yake yalikuwa mazima, sindano ikianguka aliiona, lakini herufi hazikumwambia kitu. La ajabu zaidi, kuandika aliweza. Alimwandikia kaka yangu, aliyekuwa vitani, barua ya kurasa mbili nzima, kisha akashindwa kusoma hata neno moja aliloandika mwenyewe. Hakukubali niikague. Aliifunga, akampa mke wa askari wa kambini aipeleke.

Sasa jibu lilikuwa limekuja, na hii ilikuwa siku ya nne likiwa katika mfuko wa shati la baba, halijafunguliwa. Barua za vita si lazima ziandikwe na mtoto wako. Nyingine huandikwa na rafiki aliyemzika. Mama hakuwa anakula. Mimi nilitamani kuipokonya.

"Barua iko yangu," baba alisema. "Nitasoma minyi mwenyewe."

Basi nikachemsha maji, nikaloweka taulo, nikamfunga kisogo. Kama baridi inaulaza ubongo, joto litauamsha! Baba alivumilia, jasho likimtiririka, huku nikimwonyesha herufi A. Mama akaingia.

"Weye uko napika bukari mu kichwa ya baba yako?"

Baba aliucheka huo ugali wa kichwani mpaka taulo likaanguka. Mimi nilikasirika, na hasira yenyewe ilikuwa aibu. Mwalimu mzima! Kima alipozwa na watu, na watu wakaacha. Damu iliyoziba kwa baba haikuwa na wa kuiambia iache.

Nikaurudia ukurasa, safari hii polepole, kama ninavyowafokea wanafunzi wangu wasome. Chini kabisa, karibu na mahali ulipochanika, palikuwa na mstari nilioruka kwa pupa: wakati wa ubaridi kima alishindwa na picha, lakini vitu alivyoshika gizani alivitambua vizuri. Mkono ulikuwa na njia yake. Mkono wa baba si ndio ulioandika kurasa mbili?

Nilimkimbilia, nikashika kidole chake, nikakipitisha juu ya herufi ya kwanza kwenye bahasha, vile vile inavyoandikwa.

"B," alisema. Akanitazama. "Iko B!"

Akaichana bahasha mwenyewe, akaiinamisha upande wake tusione maandishi. Kidole kikaanza kutembea.

"Ba-ba. Mi-nyi. I-ko. Mu-zi-ma."

Mama akapiga vigelegele.

"Nyamaza kwanza! Niko nasoma!"

Ilichukua mchana mzima. Tulikaa chini, mama na mimi, tukingoja herufi moja moja kama kuku wanaongoja punje. Nilikuwa na furaha ya kunipasua kifua, na bado nilitaka kumsukuma aharakishe.

"Ba-ru-a ya-ko ni-li-pa-ta," akasoma. Kidole kikaendelea, kikasimama, kikarudi nyuma, kikapita tena mahali pale pale. "Ni-li-so-ma yo-te."

Akaishusha barua magotini. Miezi yote ile hakuwa akijua kama alimtumia mtoto wake maneno au mikwaruzo, na hakumwambia mtu.

"Alisoma yote," alisema, akilia bila kujificha. Kisha akajipangusa kwa lile lile taulo langu, akaninyooshea mkono.

"Mwalimu, leta karatasi."