Waifai ya Bure Dodoma, Wiki ya Kumwoza Zaituni

Mimi si mtu wa kusafiri kwa kutazama miji. Kila nilipotoka kijijini kwetu Busi nilikuwa na sababu: msiba, mshahara, au mitihani ya wanafunzi wangu. Safari hii sababu ilikuwa binti yangu Zaituni, aliyekwenda Uturuki kusomea uuguzi na kupata mchumba hukohuko, kijana Mtanzania mwenye kwao Tanga. Ndoa ilipangwa Jumamosi saa kumi alasiri. Kesho yake bwana harusi alikuwa anahamia mji mwingine kikazi, na Zaituni alitueleza waziwazi kwamba hafuatani naye safari ile kabla hajawa mkewe. Nilimpenda zaidi kwa neno hilo.

Walii, mwenye haki ya kumwoza, ni mimi, baba yake. Sheikh wa huko alikubali kufungisha ndoa kwa niaba yangu, ila nimpe ruhusa kwa kinywa changu huku ananiona uso. Simu ya sauti tupu aliikataa, akisema sauti inaweza kuwa ya mtu yeyote. Nimesimamia mitihani maisha yangu yote, kwa hiyo nilimwelewa. Zaituni alikuwa ameshanitumia simu ya kugusa yenye kamera. Lakini Busi miaka hiyo hata kupiga simu ya kawaida tulipanda kilimani, sembuse kupitisha picha ya mtu mzima na kanzu yake. Zaituni akaniambia niende Dodoma, kwani mikahawa na hoteli za huko zimeanza kuwapa wateja waifai ya bure.

Mama Zaituni, mke wangu, hakuweza kufuatana nami kwa sababu alikuwa anamuuguza mama yake. Aliniagiza jambo moja tu, tena akiwa amenishika mkono.

"Baba Zaituni, usimwoze mwanangu mahali pa ovyo. Pawe mahali pa heshima."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Maneno hayo huwa nayasema upesi mno.

Alhamisi alfajiri nilitoka na pikipiki hadi barabara ya mabasi, mfuko wa karanga mapajani. Lami ilikuwa haijafika kwetu. Basi lilikwenda likipiga chafya, na tulipofika Chemba kanzu yangu ilikuwa imeshageuka rangi ya tofali. Jirani yangu kitini alinishauri nijipanguse, nikamwambia nitajipangusa mara moja tu, nikifika. Makutupora tulinunua zabibu dirishani. Zilikuwa tamu hata nikasahau mgongo, na kwa mara ya kwanza tangu nyumbani nikaanza kuifurahia safari.

Jioni niliingia Dodoma mjini, mtaa wa Makole, kwa mdogo wangu, Hadija, mjane mwenye duka la vitambaa vya sare za shule. Alinipa maji ya kuoga, kisha ugali na mlenda, kisha habari mbaya kwamba nyumbani kwake hakuna intaneti, na vibanda vya kompyuta anavyovijua havina kamera. Zaidi ya hapo Bunge lilikuwa linakaa, kwa hiyo mji umejaa wageni na wote wanaitaka waifai hiyohiyo. Lakini alikwishaulizia. Hadija tangu utotoni hajui kulala na tatizo bila kulitafutia dawa.

Ijumaa asubuhi tulianza na hoteli moja ya katikati ya mji. Mlangoni palikuwa na bango la waifai ya bure. Nimekulia enzi za foleni ya sukari na sabuni, wakati duka lilikuwa moja na mwenye duka ndiye mfalme. Neno bure likiandikwa ukutani huwa nauliza kwanza nani amekufa. Nikaingia kwa tahadhari. Ndani niliwakuta watu wameinamia kompyuta zao, kimya, hakuna anayemtazama mwenzake, nikatamani kutangaza kwamba zimebaki dakika kumi.

Kwetu huendi kwa mtu kumwomba kitu mikono mitupu. Kwa hiyo mhudumu alipokuja nilimsalimu, nikamuuliza habari za wazazi wake, habari za mvua za kwao, ndipo nikamkabidhi kibaba cha karanga na kumwomba hiyo waifai. Hadija alijifunika uso na mtandio kwa aibu. Mhudumu, dada mpole sana, alipokea karanga kwa mikono miwili, akanieleza kuwa ninachotakiwa ni kuagiza chai tu. Paswedi imeandikwa kwenye kadi iliyo mezani, alisema, na ndiyo ile niliyokuwa nimewekea kofia yangu.

Niliiandika, nikampigia Zaituni. Uso wake ukatokea, nikainuka kitini bila kukusudia. Miaka miwili sikuwa nimemwona! Alikuwa amenenepa kidogo. Kisha picha ikaganda, mdomo wazi, na haikuendelea tena. Meza zote zilikuwa na wageni wa Bunge na kila mmoja anavuta upande wake. Mhudumu akatushauri twende Ipagala, ambako kuna mkahawa wa bustani usiojulikana na wengi. Aliniandikia na jina la mwenyewe, mshindani wao wa biashara. Nilimsifu moyoni dada yule hadi tulipofika huko.

Saa sita tulikuwa Ipagala. Mwenye mkahawa, mama wa makamo, alitupa paswedi hata kabla hatujakaa, akasema mgeni kwanza atue mzigo. Alikuwa amepanga viti vya plastiki chini ya vivuli vya makuti, na kila meza ina kopo la maua. Zaituni alionekana mpaka hereni. Tulizungumza hadi chai ikapoa, akanionyesha gauni lake, nami nikamwonyesha Hadija na maua. Mahali palikuwa safi, pa heshima, pasipo kelele. Nikamwambia mwenye mkahawa kwamba kesho saa kumi hapa ndipo nitakapomwoza binti yangu, akasema ataweka kitambaa cheupe mezani. Nililala usingizi mzito.

Jumamosi saa nane na nusu tulifika Ipagala nikiwa nimevaa kanzu iliyofuliwa na kofia mpya. Kitambaa cheupe kilikuwa kimetandikwa, lakini umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Kile kijisanduku cha waifai kilikuwa kimezima taa zake zote. Tukangoja nusu saa, tukangoja na nyingine. Tukajaribu intaneti ya simu yenyewe. Zaituni akaja vipandevipande, kisha akatoweka. Hasira zilinipanda, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumkasirikia nilimkasirikia Hadija, nikamwambia mji wenu huu una mapambo mengi kuliko umeme. Mwenye mkahawa alikuwa na simu sikioni, anapiga kila alikojua. Alipokata alinitazama kama mtu mwenye dawa chungu mkononi.

"Mwalimu, yupo mwenye jenereta, na waifai yake ni nzuri kuliko yangu. Anaitwa Mama Ndahani. Ila pale ni baa."

Saa tisa na dakika arobaini pikipiki mbili zilitushusha nje ya baa hiyo. Niliyaona makreti ya bia yamepangwa hadi dirishani, muziki unatikisa mabati, wanaume wamekaa na chupa zao wakingojea mpira kwenye televisheni. Nikayakumbuka maneno ya mke wangu. Nikavuka barabara badala ya kuingia. Lisilo budi hutendwa, lakini kumwoza Zaituni kwenye harufu ya pombe niliona ni kumvunjia mama yake ahadi, na kumdharau mwenyewe. Nilisimama upande wa pili wa barabara, kofia kichwani na simu mkononi, nikiona dakika zinakwisha. Sioni haya kusema kwamba machozi yalinilenga.

Mama Ndahani alitoka mwenyewe. Ni Mgogo mrefu, mwenye kanga kiunoni na funguo nyingi. Alivuka barabara, akasema shikamoo, nikaitikia marahaba, nikamweleza yote, hata agizo la mke wangu sikulificha. Alisikiliza hadi mwisho. Akageuka kutazama baa yake, kisha akatazama nyuma yangu, palipokuwa na kibaraza cha fundi cherehani.

"Ndani mwangu hapakufai, mzee," alisema. "Lakini hii waifai nikiisogeza dirishani inavuka barabara. Huyu fundi kila siku anaitumia, anadhani sijui."

Fundi, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliinamia cherehani yake kwa nguvu zaidi. Kisha akainuka, akanipa kiti chake.

Mama Ndahani alirudi, akashusha makreti, akaweka kijisanduku dirishani. Muziki ukazimwa. Sauti moja ililalamika ndani kuhusu mpira, akaijibu kwa utulivu kwamba televisheni ataifungulia sauti baadaye, kuna mzee hapo nje anamwoza binti yake. Jenereta lilikuwa uani, likisikika kama kinu cha jirani. Hadija aliniwekea kofia sawa. Nikaandika paswedi. Zaituni akatokea, safi kabisa, mtandio mweupe kichwani, na pembeni yake sheikh mwenye ndevu nyeupe.

Sheikh aliniuliza jina langu na jina la binti yangu. Kisha akatabasamu, akasema kwa Kiingereza, Zaituni akitafsiri, kwamba anafurahi kuona nimechagua mahali pa staha. Sikumwelewa, mpaka nilipogeuka. Nyuma yangu zilining'inia kanzu za wateja wa fundi, nyeupe, zimepangwa mstari mmoja. Sheikh aliona kanzu. Mimi, juu ya simu yangu, niliona bango la bia na wanaume kama kumi na watano waliotoka nje kutazama. Mmoja alivua kofia yake ya pama, wa pili akafuata, na chupa zote zikabaki ndani.

Nikasema maneno yangu. Nimekufanya wewe, sheikh, wakili wangu, umwoze binti yangu Zaituni kwa kijana huyu, kwa mahari waliyokubaliana. Kisha kijana akaitikia kukubali, picha haikuganda hata mara moja, na sheikh akaomba dua. Nilipoitikia amina nilisikia amina nyingine kutoka ng'ambo ya barabara. Mama Ndahani akapiga kigelegele kirefu, Hadija akampokea, na Zaituni kule Uturuki akauliza ni jamaa gani hao wengi hivyo. Nikamwambia ni watu wa Dodoma.

Nilitaka kumpa Mama Ndahani shukrani, akakataa katakata. Alisema waifai ni ya bure, bango lake limeandikwa hivyo. Mfuko wangu wa karanga ulikuwa umekwisha, nikaondoka nikiwa nimempa asante tu. Njiani Hadija alinifundisha la kumwambia wifi yake: sema ulimwoza kwenye kibaraza cha fundi wa kanzu. Si uongo, alisema.

Jumapili jioni nilikuwa Busi. Mama Zaituni alinipokea mfuko, akaninawisha, akaniletea chai, akakaa mbele yangu. Habari za ndoa alishazipata kwa simu kule kilimani, alitaka kusikia mahali. Nikamwambia kwenye kibaraza cha fundi wa kanzu, mzee mstaarabu. Uso wake ulifunguka kwa furaha, akamwombea fundi yule maisha marefu kwa kumpa mwanawe mtandao. Njia ya mwongo ni fupi, nami sikuimaliza hata chai. Nilimwambia kwamba kibaraza ni cha fundi, lakini mtandao ulitoka baa. Nikamweleza makreti, muziki, mpira uliozimwa sauti, wanaume waliosimama nje na kofia ya pama, amina yao, na kigelegele cha Mama Ndahani. Nikasema nimeshindwa kulitimiza agizo lake, anisamehe.

Niliona vidole vyake vinakunja pindo la kanga.

"Hao watu waliosimama," aliniuliza, "walikula nini?"

Nikasema hawakula kitu.

"Mama huyo naye?"

Nikasema naye pia.

"Mwanangu ameolewa, watu wamesimama, wameitikia amina, wamepiga vigelegele. Na wewe ukawaacha na njaa?" Sikuwahi kumwona amenikasirikia hivyo. "Baba Zaituni, nilikuambia mahali pa heshima. Palikuwepo. Asiyekuwa na heshima ni wewe."

Nilizunguka Dodoma siku mbili nikitafuta mahali panapostahili harusi ya binti yangu, na hesabu hiyo niliikosea mimi mwalimu. Nilikuwa nakagua kuta na mabango. Watu wenyewe walikuwa wamenifungulia kila mlango: yule dada wa hoteli, mama wa Ipagala na kitambaa chake, Mama Ndahani na dirisha lake. Nawasifu wote, na ndiyo sababu nimeandika haya.

Alhamisi iliyofuata, alfajiri, nilipanda tena pikipiki kuelekea barabara ya mabasi. Mapajani nilikuwa na jogoo wawili na mfuko wa mchele, na nyuma yangu, akiwa amemwachia dada yake kazi ya kumuuguza mama yao, amekaa Mama Zaituni na sufuria kubwa ya kupikia pilau. Alisema mimi siaminiki, na fundi, Mama Ndahani na wateja wake atawapakulia yeye mwenyewe.