Mlango Uliochorwa Vitabu

"Nataka mlango huu upotee," alisema Glenys Thorburn, msimamizi wa makao, kiganja chake kikiwa juu ya mlango wenyewe.

Ornella Brusaferro aliutazama. Ulikuwa mlango mpana, mweupe, mwishoni mwa ukumbi mrefu wa makao ya wazee ya Ukingoni, upande wanakokaa wale walioshikwa na maradhi ya kusahau. Ulifungwa kwa kufuli la sumaku, na wahudumu waliufungua kwa kubonyeza tarakimu ukutani. Kila alasiri, chai ikishanyweka, wazee walianza kujikusanya pale. Huyu anataka kwenda kumchukua mtoto shuleni, yule anataka kukamua ng'ombe waliouzwa kabla Ornella hajazaliwa. Walisukuma, wakabembeleza, wakalia.

"Upotee vipi?"

"Chora rafu za vitabu. Ukuta mzima, pembe hadi pembe, mlango uwe katikati na usionekane. Wakiona vitabu hawatasukuma. Kuna makao mengine wamefanya hivyo, wazee wakatulia."

Kamati ya makao ilikuwa imeshakubali. Haikutaka picha ya kununua na kutundika, ilitaka mchoro uliobuniwa kwa ajili ya ukuta ule tu. Na katika mji wote wa Ingham, kaskazini mwa Australia, hakukuwa na mwingine wa kuombwa. Mabango ya bucha, ya duka la mikate, ya kilabu cha Waitalia, hata namba kwenye vichwa vya treni za miwa, yote yalikuwa ya mkono wa Ornella. Watu walimwita msanii. Yeye alijiita fundi wa mabango.

Lakini palikuwa na jambo ambalo Glenys alilijua na alikuwa bado hajaligusa. Mmoja wa wanaosimama mlangoni pale kila alasiri alikuwa Tullio, mjomba wake Ornella.

Baba yake Ornella alichukuliwa na mafuriko ya mto Herbert, binti akiwa bado wa kubebwa. Mama aliwapikia wakata miwa tangu alfajiri hadi jua kuzama, na mtoto akaachwa kwa Tullio, kaka yake mama, dereva wa treni ya miwa, mtu mpole asiyeoa. Watawa wa shule walipomlalamikia kwamba msichana anachorachora madawati, Tullio hakumchapa. Alileta kutoka kiwandani mabaki ya rangi makopo matatu manne, akamwonyesha ukuta wa nyuma ya nyumba, akamwambia, "Chafua hapa." Hivyo ndivyo Ornella alivyoanza kazi. Na sasa mzee yule alivaa kofia yake kila alasiri, akaenda mlangoni akisema wenzake wanamngoja.

"Najua unachowaza," Glenys alisema. "Unawaza kwamba nakuomba umfungie mjomba wako."

"Kwani si ndivyo?"

"Bi Hazel alitoka kwa mlango huu wakati wa mvua. Mgeni alimshikia mlango, akidhani naye ni mgeni. Mimi ndiye niliyeingia mferejini kumtoa, maji ya kifua, na mamba humo unawajua. Alitetemeka mikononi mwangu mpaka meno yakagongana. Hajasema neno tangu siku ile." Glenys hakupandisha sauti. "Nikitafuta jibu lingine silipati. Ukilipata wewe, niambie."

Ornella hakulipata. Akakubali.

Alianza kazi na wazee wakapata tamasha. Aliyemganda zaidi ni Dulcie Maddigan, ambaye zamani alikuwa na baa yake mwenyewe karibu na kituo cha treni. Kila asubuhi alijisukuma na kiti chake cha magurudumu hadi nyuma ya Ornella.

"Unachora nini, mwanangu?"

"Vitabu, Bi Dulcie."

"Mimi sijawahi kusoma kitabu kikaisha. Nichoree chupa."

Ornella akacheka, akamchorea chupa ya ramu kati ya vitabu viwili vinene. Dulcie aliitazama kwa muda, kisha akatazama upande wa pili wa ukuta.

"Na mlango umeupeleka wapi?"

"Mlango gani?" Ornella alisema, na masikio yakamwaka moto.

"Usinichezee shere. Nimewatoa walevi nje nusu ya maisha yangu. Mlango ulipo naujua."

Baada ya muda mfupi alikuwa amesahau, akawa anauliza chakula kitakuwa nini. Lakini Ornella hakusahau.

Seremala alikuja akaondoa mkono wa mlango, akaweka pete ndogo ya chuma iliyozama ndani ya mbao. Ornella akaifunika kwa mgongo wa kitabu cha kahawia. Akafuata fremu kwa vivuli, akaunganisha rafu juu ya ufa, akarudi nyuma hatua kadhaa, na mlango haukuwapo. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na aliichukia.

Alasiri hiyo Tullio alikuja na kofia yake. Alisimama mbele ya vitabu. Akaweka viganja vyote viwili ukutani, akavipitisha taratibu, juu, chini, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Ulikuwa hapa," alisema.

"Mjomba, ni mimi, Ornella. Njoo tunywe kahawa."

"Ulikuwa hapa. Jana nimeuona." Akaanza kupiga ukuta kwa ngumi, si kwa hasira, bali kama mtu anayebisha hodi na ndani hawamsikii. Wahudumu wawili walimshika mabega wakamrudisha chumbani.

Kesho yake hakuja ukumbini. Wala kesho kutwa. Alikaa kitandani akiutazama ukuta, na sahani ya polenta, ugali wa Kiitalia, aliyoipika Ornella mwenyewe ikapoa kando yake.

"Ametulia," Glenys alisema.

"Hajatulia. Amekata tamaa."

"Afadhali akate tamaa akiwa hai."

Ornella alichukua brashi akarudi kazini, akiwa ameapa moyoni kumaliza wiki ile na kutokanyaga tena ukumbi ule ila kwa ajili ya kumwona mjomba. Kilichobaki kilikuwa ni kupaka vanishi pembeni na kumngoja mkaguzi wa zimamoto.

Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana, alikuwa ameingia chumba cha kufulia kuosha brashi. Siku hiyo Glenys alikuwa jengo la mbele na wanakamati. Mmoja wa wahudumu alikuwa mgonjwa, na wakala alimleta badala yake Pramila, mwanamke wa Kinepali ambaye ndiyo kwanza anaingia Ukingoni. King'ora kilipolia, Ornella alidhani ni mazoezi. Kisha akasikia harufu ya mafuta yaliyoungua.

Alipotoka, moshi mweusi ulikuwa umeshatanda darini kutoka upande wa jikoni, na ulikuwa ukishuka. Njia ya jikoni ilikuwa imezibwa. Wazee saba wanane walikuwa ukumbini, wengine na leso za chakula shingoni. Katikati yao Pramila alikuwa akikizungusha kiti cha Dulcie huku na huku.

"Dada, mlango uko wapi? Nimeambiwa kuna mlango huku. Uko wapi?"

Kibao cha kijani cha kutokea kilikuwa juu, na moshi ulikuwa umeshakimeza. Chini yake vilikuwapo vitabu tu.

Ornella alirukia ukuta. Alijua kwamba king'ora kikilia kufuli huachia lenyewe, kwa hiyo kilichotakiwa ni kuvuta tu. Kitabu cha kahawia. Alikuwa amechora vitabu vya kahawia kila rafu, maana rangi ile aliipenda. Akagusa cha kwanza, mbao. Cha pili, mbao. Macho yalimwasha, machozi yakamchanganyia vivuli alivyovichora mwenyewe, hata asijue ufa wa kweli ni upi na wa rangi ni upi. Nyuma yake mtu alikohoa na hakuacha kukohoa. Akafumba macho, akapapasa kwa vidole kama mjomba alivyopapasa, mpaka kucha ikakwama kwenye chuma.

Akavuta.

Rafu zilipasuka katikati na jua la msimu wa mavuno likaingia kwa nguvu. Wazee wakarudi nyuma. Machoni pao ukuta ulikuwa umevunjika na mwanga mkali ulikuwa ukitoka ndani ya vitabu, wakaogopa. Bi mmoja aling'ang'ania mlango wa chumba chake. Wengine waligeuka kabisa, wakaelekea kule kwenye moshi.

"Tokeni, tafadhali, tokeni," Pramila alikuwa akiwavuta mikono, nao wakiikwepa. Alimtoa Dulcie, akarudi, hakuna aliyemfuata.

Hapo Tullio akatoka chumbani kwake. Alikuwa na suruali ya kulalia, kandambili, na kofia. Alitazama ule mwanga, akamtazama Ornella.

"Treni imefika?"

Ornella aliunyooshea mkono mlango. "Imefika, Mjomba. Abiria wanaogopa kupanda."

Tullio aliwageukia. Aliyekuwa karibu naye ni Bi Hazel, amejikunyata ukutani. Akamshika mkono.

"Twende, bibi. Haitungoji hii."

Bi Hazel akaenda. Waliomwona anakwenda wakafuata, mmoja amemshika mwenzake nguo, na Ornella akabaki nyuma akisukuma migongo mpaka wa mwisho akakanyaga majani.

Moto wenyewe ulikuwa mdogo. Mpishi alikifunika kikaango kilichowaka, na zimamoto walipofika walikuta moshi tu. Glenys alikuja mbio, akaanza kuwahesabu wazee kwenye nyasi. Akahesabu mara ya pili.

"Tullio yuko wapi?"

Nyuma ya Ukingoni kuna barabara ndogo, na ng'ambo ya barabara ni reli ya kiwanda. Ornella hakungoja. Alikimbia na makubazi yake ya kazi, na kabla hajavuka barabara aliisikia honi.

Mjomba alikuwa katikati ya reli, mgongo umenyooka, mkono mmoja juu. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiisimamisha treni zamani ili wenzao wadandie. Treni ilikuwa imetokea kwenye kona ya mashamba, mabehewa yamejaa miwa mpaka mkia hauonekani. Breki zilipiga kelele, lakini treni iliyobeba shehena ile haisimami kwa kutaka. Dereva alishikilia honi bila kuiachia.

"Mjomba, toka!"

Hakugeuka. Ornella alimfikia akamkumbatia kiunoni, akavuta. Mzee alikuwa amekonda, lakini alijikaza kama nguzo. Ardhi ilikuwa imeanza kutetema miguuni.

"Mjomba, nakuomba."

"Niache, mama. Nina zamu."

Hakumtambua. Kwa wakati ule Ornella alielewa kwamba kumwomba kama mpwa ni kazi bure. Akamwachia kiuno, akamsogelea sikioni, akasema kwa sauti kavu, ya mtu wa kazini.

"Tullio, umekosea reli. Hii si yetu. Yetu ni ile ya kule."

"Kule?"

"Kule. Wanakungoja wewe."

"Mbona hamkusema," Tullio alisema, akashuka.

Ornella alishuka naye, akamsukuma kwenye majani, na treni ikapita, kichwa kwanza, kisha behewa baada ya behewa, vipande vya majani ya miwa vikiwarukia usoni. Iliposimama, mkia wake ulikuwa umeshawapita. Dereva, kijana wa huko huko, aliruka chini na kuja akikimbia, uso mweupe kama unga. Aliwakuta wameketi kwenye kokoto, Ornella amemshika mjomba mkono.

Jioni ile yeye na Glenys walikaa kwenye ngazi za nje.

"Nusura niwaue," Glenys alisema.

"Mimi ndiye niliyechora."

Hakuna aliyempoza mwenzake.

Mkaguzi wa zimamoto alisema yake, mafupi na makali. Hata hivyo wajumbe wawili wa kamati walitaka vitabu vibaki na mkono wa mlango urudishwe tu, kwa kuwa vinapendeza. Ornella aliwaambia watafute mtu mwingine wa kuvitunza. Akaupaka ukuta mzima rangi ya bluu iliyokolea, na mlango akaupaka kijani kibichi, fremu njano, na mkono mkubwa wa shaba unaoonekana tangu mwanzo wa ukumbi.

"Kufuli linabaki," Glenys alisema.

"Libaki. Lakini wajue ni mlango, na ukiwa umefungwa tuwaambie umefungwa."

Jibu lingine walilitafuta pamoja, na halikuwa kubwa. Dirisha la sebule lilivunjwa likawa mlango wa kuingilia uani, na huo hukaa wazi mchana kutwa. Ua ulizungushiwa uzio mrefu, na kamati ikamwomba Ornella auchore. Alikubali kwa sharti moja, kwamba upande wa reli asichore kitu. Pale mbao ziliachwa na nafasi, mtu akiketi aone nje.

Haikuponya ugonjwa. Zipo alasiri ambazo Tullio huwa mbele ya mlango wa kijani, ameshika mkono wa shaba, analia, na mhudumu huketi naye sakafuni mpaka kilio kiishe. Pramila, ambaye aliamua kubaki Ukingoni, ndiye anayemtuliza vizuri zaidi. Lakini alasiri nyingine Tullio hutoka kwenda uani, na sahani yake hurudi jikoni tupu.

Mwezi wa mwisho wa mavuno Ornella alikuwa juu ya ngazi, akipaka upande wa uzio unaotazama barabara. Chini yake, kwenye benchi, alikaa Tullio, na Dulcie kando yake kwenye kiti chake. Treni ikapita.

"Hiyo imechelewa," Tullio alisema.

"Ungeendesha wewe ingefika wiki ijayo," Dulcie alijibu. "Sogea huko, umenikanyagia blanketi."

Tullio akasogea. Ornella akachovya brashi, akaendelea na kazi.