Zipu Mgongoni mwa Zimwi

Uweso wa Ngamiani alikuwa mtafsiri wa filamu, na mdomo wake, we acha tu. Alikaa mbele kwenye kibanda chake cha video, maiki mkononi, akiwageuzia watu Kiswahili zile tamthilia za kizamani za wasafiri wa angani. Zenyewe vituko vitupu. Chombo kinaning'inia kwa uzi. Nahodha akifunga mlango, ukuta wa chuma unatikisika kama pazia. Zimwi la sayari ya mbali lina zipu mgongoni. Mtafsiri mwingine angenyamaza, lakini Uweso aliona aibu ya filamu ni yake yeye mwenye kibanda. "Zipu ile jamani ndiyo pua yake," alikuwa akisema, "wenzetu kule wanapumulia mgongoni." Watu hoi. Aliyecheka kuwashinda wote ni Saleha, mkewe, aliyekuwa akikata tiketi mlangoni.

Simu zilipojaa mikononi mwa watu, kibanda kikafa. Kisha kisukari kikamla Saleha macho yote mawili.

Siku hizi, wakishaswali alasiri, Uweso humwekea tamthilia zilezile na kumsimulia. Ila kumchekesha mtu kwa kitu asichokiona aliona ni ukatili, basi akaanza kuzisafisha. Uzi akauruka, ukuta ukasimama imara, zimwi likawa zimwi kweli. Akajiona mume mwema.

Juzi Saleha akamkatiza. "Baba Khadija, hao watu wamejenga upya?"

"Watu gani?"

"Hao wa angani. Mwezi mzima hakuna kilichotikisika."

Uweso, na mdomo wote ule, akapunguza tu sauti ya filamu.

"Kumbe unanihurumia," Saleha akasema, na alikasirika kwelikweli. "Macho yangu yamekwenda, nimebaki na yako. Ukinidanganya wewe, nimuulize nani? Haya, zima hiyo filamu. Nitazame mimi. Nikoje?"

Uweso akamtazama.

"Umekonda," akasema. "Na kanga umejitanda juu chini. Jina lililoandikwa limepinduka."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Saleha akaipapasa kanga mabegani. "Nimekwenda nayo msibani. Nimekaa katikati ya wanawake wa mtaa mzima. Na aliyenishika mkono kunipeleka ni wewe."

"Ni mimi," Uweso akasema. "Nisamehe, mke wangu."

Saleha aliitoa kanga, akaigeuza, akajitanda tena, kisha akauliza kama sasa imekaa sawa. Uweso alisogea karibu, akasoma jina lote neno kwa neno, ndipo akamwambia ndiyo.