Mgongo wa Winchi

Karakana yetu ina ugonjwa mmoja tu wenye heshima, nao ni mgongo. Ukisema tumbo, utaulizwa ulikula nini na kwa nani. Ukisema kichwa, utaambiwa jana ulizidisha. Lakini ukisema mgongo, watu wanakusogezea kiti. Mimi napaka vanishi, kutwa nimeinamia makabati ya watu, kwa hiyo hulalamikia shingo, na shingo huvumiliwa kwa sababu ni jirani wa mgongo.

Basi Winchi alipopotea kazini siku kadhaa, akarudi na kusema alikuwa zahanati kwa ajili ya mgongo, hakuna aliyeuliza mara mbili. Jina hilo tulimpa sisi wenyewe, maana alikuwa akibeba peke yake magogo ambayo wengine tunayabeba wawili na bado tunanung'unika. Tuliona mgongo umedai haki yake.

Mgongo ulikuwa mzima kabisa. Haya mengine alinisimulia baadaye. Usingizi ulikuwa umemkimbia kwa miezi, na hata akisinzia aliamka amechoka kuliko alivyolala. Hakufiwa, hakuachwa, hakufukuzwa kazi. Angekuwa na msiba wa kuonyesha, angeuonyesha. Alikuwa akienda chumba cha mbao, nyuma ya marundo, machozi yanamtoka tu, kisha anajipaka vumbi la mbao usoni ili akitoka tudhani alikuwa kazini. Siku moja alitengeneza mlango, akatoboa tundu la kitasa upande wa bawaba. Tulicheka mpaka basi. Tukamuuliza kama mlango huo unafunguliwa kwa maombi. Yeye naye akacheka, nasi tukaridhika.

Mkewe ndiye aliyemshika mkono akampeleka zahanati. Wakaambiwa ni sonona, ugonjwa kama magonjwa mengine, una dawa, na kuna mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Muuguzi akamwonya kwamba dawa zile mwanzoni huleta usingizi, kwa hiyo asikaribie mashine mpaka mwili uzizoee. Kubeba abebe anavyotaka.

Mtasema, si angesema tu? Mficha maradhi kifo humuumbua, methali hiyo tunaijua wote, hata mimi. Lakini msimamizi wetu ni shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mwema mwenye mdomo usio na breki. Hapo nyuma tulikuwa na mwenzetu, mchonga miguu ya vitanda, naye alipelekwa zahanati hiyohiyo. Msimamizi akatutangazia: "Yule nati zimelegea. Akishika patasi, kaeni mbali." Ikawa kila mara mchongaji akigusa patasi, mtu anajifanya kukimbia. Baada ya siku chache hakuja tena. Winchi alikuwepo, aliona yote.

Sasa ukaja wema, na wema wetu ndio uliotaka kummaliza. Msimamizi alimletea mkanda wa kufunga kiunoni. Mzee wa randa alileta dawa ya kuchua iliyonuka hadi barabarani. Kila mtu alikuwa na mjomba aliyewahi kupona mgongo, na kila mjomba alikuwa na tiba yake. Winchi akafungwa, akachuliwa, akashukuru. Kisha msimamizi akatoa amri: "Shemeji asibebe hata kijiti. Kuanzia leo anakaa kwenye msumeno wa umeme. Pale ni kusukuma ubao tu, mgongo unapumzika."

Akaondolewa kwenye kazi aliyoruhusiwa, akapewa ile aliyokatazwa. Akasema asante. Angesema nini?

Akimeza dawa, kope zilimwangukia mbele ya meno ya msumeno. Asipomeza, mikono iliamka lakini kile kiza kilirudi kifuani. Akaacha dawa. Mkewe hakuchelewa kugundua.

"Baba, umeacha dawa."

"Nikimeza nitapoteza vidole."

"Basi mwambie kaka akutoe pale."

"Nimwambie dada yake ameolewa na mtu aliyelegea nati?"

"Mwambie unaumwa. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

"Ukimwambia wewe, mama watoto, sitaingia tena karakana ile."

Mkewe aliendelea kukunja nguo. "Mimi nataka mume mwenye usingizi na mwenye vidole," akasema. "Chagua namna ya kuniletea vyote."

Kesho yake Winchi alimeza dawa. Alidhani atajikaza, kujikaza ndiyo elimu pekee aliyopewa mwanamume bila ada. Mchana, joto limejaa, msumeno unaimba wimbo wake mmoja, niliinua kichwa ninyooshe shingo. Nikamwona anainama polepole kama mtu anayekubali jambo, na mkono wake ukiufuata ubao kuelekea kwenye meno. Niliruka na brashi yangu nikaibamiza swichi. Msumeno uliposimama, kidole gumba chake kilikuwa kimeuegemea. Kilikuwa kizima. Swichi ina vanishi hadi leo.

Msimamizi alikuja mbio. "Shemeji, unasinziaje hapo? Mgongo umekunyima usingizi?"

Alimpa mlango wa kutokea, tena wazi. Ilikuwa ni kusema ndiyo, akalale, akarudi kesho kwenye msumeno uleule. Winchi alimtazama. Akafungua ule mkanda, akauweka juu ya meza ya msumeno. Akaenda kwenye magogo, akainamia lile ambalo tangu asubuhi tulikuwa tukitegeana, akalitia begani, akavuka nalo uwanja mzima na kulitua mlangoni.

"Mgongo haujaniuma hata siku moja," akasema. Alikuwa anahema. "Ninaumwa sonona. Nakwenda kule alikokuwa anakwenda mchongaji. Dawa ndizo zinazonilaza. Nitoeni kwenye mashine, nipeni kubeba."

Mzee wa randa alikuwa anatafuta penseli iliyokuwa sikioni mwake.

"Ungeniambia, shemeji," msimamizi akasema.

"Ulivyosema juu ya mchongaji nilisikia."

Msimamizi alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza breki zikashika. Nilimwona anaikumbuka siku ile, na sisi sote tukaikumbuka, na aibu ikatuenea kila mtu fungu lake. Kisha akaenda kwenye magogo, akainama upande mmoja wa gogo jingine.

"Shika huko," akasema.

Wakabeba. Lilikuwa gogo la kubebwa na Winchi peke yake, lakini wakabeba wawili.

Sitawadanganya kwamba alipona wiki ile. Bado kuna asubuhi anaingia amekunja uso, anabeba bila salamu, nasi tunamwacha. Na mchongaji hajarudi. Msimamizi alikwenda kwake, akapokewa vizuri, akaambiwa asante lakini hapana.

Mimi nilisubiri hadi Winchi alipokuwa peke yake kwenye bomba, ananawa. Shingo yangu haijawahi kuniuma. Ni kwamba silali, na nimechoka, na nimechoka kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani ndiyo tabia yangu.

"Hiyo zahanati," nikamwambia. "Ukifika, unaanza kusema nini?"

"Kuhusu?"

"Shingo."

Alifunga bomba. Alinigeukia, vumbi la mbao likimchuruzika na maji mashavuni.

"Mimi nilianzia mgongoni," akasema. "Wakanisubiri. Kesho asubuhi nitakupitia."