Biro ya Kartie Katika Saloni ya Mama

Kwa miaka sita saloni yetu, chumba cha kupokelea wageni, haikuwa yetu. Ilikuwa ya serikali. Papa alikuwa shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, hapa Goma, na mwenye nyumba iliyokuwa imepangwa kama biro, ofisi yake, alichoka kungoja kodi, akafunga mlango kwa kufuli kubwa kama kichwa cha mbuzi. Papa akabeba meza, madaftari, bendera na tampo, ule muhuri wa serikali, akavileta kwetu, kwa wiki mbili tu, alimwambia Mama. Viti vya Mama, vyenye vitambaa alivyovifuma kwa mkono wake, vilihamia chumba cha kulala, vikapangwa kimoja juu ya kingine mpaka darini. Sisi watoto tulilala chini yake kama watu wanaolala chini ya volkano, ambayo nayo tulikuwa nayo, tena upande uleule wa dirisha.

Mahali pa viti pakaja mabenchi manne ya mbao, marefu kiasi kwamba aliyekaa mwisho ilibidi ampigie simu aliyekaa mwanzo. Hapo walikaa watu wa kila namna: anayetafuta karatasi ya makazi, anayegombania mpaka wa ukuta wa mawe, anayeandikisha mgeni, anayeshitaki mbuzi aliyemaliza maharagwe ya jirani. Mama alipita kati yao na sufuria akisema "pardon, pardon" ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alinung'unika tangu jogoo mpaka misa ya jioni. Lakini hakuweza kuona mtu amekaa tangu asubuhi na koo kavu, kwa hiyo chai ya kartie, ambayo hakuna bajeti iliyowahi kuiandika, ilitoka kwenye jiko lake.

Mimi wakati huo nilikuwa nasoma shule ya jioni, mtu mzima mwenye ndevu, nimebanwa kwenye dawati la watoto, magoti yakinifika masikioni. Siku moja mwalimu alituletea somo la mpangilio wa nchi kwenye sahani ya karanga. Dawati la mbele akaliita taifa. La pili jimbo, la tatu mji, la nne komine. Mimi niliyekaa nyuma kabisa nikawa kartie. Akasema sheria ni nzuri: taifa liliachie jimbo sehemu yake, jimbo nalo liwashushie mji na komine sehemu yao, na jina la jambo hilo ni retrosesyo. Sahani ikaanza safari. Kila dawati lilieleza vizuri sana shida zake, kisha likachota. Iliponifikia mimi ilikuwa na maganda mawili na alama ya kidole cha komine.

Niliponung'unika, mwalimu akasema nisimlaumu mtu yeyote, kwa sababu hata karanga zikijaa, kartie haimo katika orodha. Mji una mfuko wake, komine ina mfuko wake. Kartie ni mkono wa komine tu, na mkono hauna mfuko. Nilirudi nyumbani nikamweleza Papa kwamba, kwa upande wa pesa, mbele ya sheria yeye hayupo. Alikuwa anajaribu kalamu aliyoinunua mwenyewe. Akaniuliza kwa upole kama mtu asiyekuwepo anaweza kunituma maji. Nikachukua bidoni, nikaenda.

Basi mdogo wangu wa kike akapata mchumba, kijana wa mtaa wa Mapendo, na wakwe wakatuma habari kwamba watakuja Jumamosi kuzungumza mahari. Mama akamwomba Papa jambo moja tu katika ndoa yao yote, hivyo ndivyo alivyosema, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa nimeshahesabu elfu: saloni yake, kwa siku moja. Papa akakubali biro ifungwe.

Ila saloni haikuwa shida kubwa. Shida kubwa ilikuwa watu. Sisi ni wa upande wa Bukavu, na ndugu zetu wote, wa Mama na wa Papa, wako huko, ng'ambo ya ziwa. Kwetu wakwe wakija hawahesabu viti, wanahesabu ndugu. Binti asiye na mashangazi wa kumzungukia anaweza kuonekana kama kitu kilichookotwa njiani. Mashangazi walikuwa wameshafunga mizigo. Ijumaa mchana wakapiga simu: mashua haisafiri wiki hii.

Mama alikaa kwenye kigoda cha jikoni na simu mapajani. Nikamwambia niende nikawaite majirani wajaze nafasi. Akakataa, akasema ndugu hawaazimwi kama sufuria. Kisha akasema, si kwangu, ni kama kwa makaa: "Mutoto wangu ataombwa mbele ya batu watatu." Yaani yeye, Papa, na mimi mwenye karanga zangu.

Jumamosi, baada ya salongo, kazi ile ya kusafisha mitaro kwa pamoja, Papa alibandika mlangoni karatasi ya kusema biro imefungwa. Watu wakaisoma vizuri, wakaingia. Ilikuwa siku za kuandikisha watoto shuleni na kila mzazi alitaka karatasi ya makazi. Papa hakujua neno "rudini". Akasema atawamaliza haraka, wakwe ni wa saa nane. Mama akamtazama jinsi mtu anavyotazama mvua ikianguka juu ya unga, akarudi jikoni.

Saa sita hivi, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu Goma iumbwe, wakwe wakafika mapema. Walikuwa saba, msemaji wao mzee mmoja mwenye koti zito na kofia mkononi. Wakasimama mlangoni, wakaona mabenchi manne yamejaa watu waliovaa safi, kimya, kila mmoja na kikombe cha chai. Yule mzee akavuta pumzi. Akaanza benchi la kwanza, akawapa mkono mmoja mmoja, ameinama, akiwaita papa wakwe na mama wakwe.

Wale watu walitazamana. Mimi nikaweka bidoni chini. Karibu na meza alikuwa mama mmoja wa makamo aliyetoka Kanyaruchinya, kambi ya waliokimbia vita, tulikuwa hatujamwona kabla ya asubuhi ile. Alipopewa mkono aliushika kwa mikono miwili, akasogea, akamwachia mzee nafasi.

"Karibuni," akasema. "Tuliwangojea."

Mama akatokea mlango wa jikoni na mwiko. Uso wake ulipita rangi zote. Papa, ambaye hawezi kuandika uongo hata kwenye daftari la mbuzi, akasimama, akafunga kalamu, akaanza kueleza kwamba, muzee, asamehewe, hawa siyo ndugu, ni watu wa kartie wamefuata karatasi.

Yule mama wa Kanyaruchinya hakumwacha amalize.

"Shefu, ikala. Tangu asubui tuko kwako, chai ya mama tumekunywa, na wewe hata nusu yetu haujatuandika. Sasa sisi ni banani basi, kama si ndugu?"

Watu wakacheka, na mzee wa Mapendo akacheka kuliko wote, mpaka kofia ikamtoka mkononi. Akasema amezunguka nyumba nyingi za mahari na hajawahi kukutana na ukoo wenye tampo.

Basi wakaketi. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Mwenye kesi ya ukuta na adui yake wakakaa upande mmoja, wakatetea mdogo wangu kama mawakili wa taifa zima. Wanawake watatu wakamnyang'anya Mama mwiko wakaingia jikoni, maana alikuwa amepika kwa watu kumi. Na yule wa Kanyaruchinya akashika kiti cha shangazi: kila wakwe walipotaja mbuzi, aliuliza kama mbuzi huyo anatembea au anabebwa. Mama aliketi karibu naye, bega kwa bega. Sikumbuki kumwona ameketi hivyo katika saloni ile.

Jioni wakwe walipoondoka, mambo yote yamekubaliwa, wengine wakaondoka nao. Mama na yule wa Kanyaruchinya walibaki kwenye benchi, miguu nje ya viatu, wakizungumza habari za mihogo na za miguu yenyewe. Ndipo Mama akakumbuka.

"Dada, kumbe wewe ulikuja kutafuta nini?"

"Karatasi," yule akasema. "Ya kuonyesha kama naishi hapa."

Mama akageuka kumtafuta Papa kwa macho. Alikuwa ameshafungua daftari.